Mkwe Nyuma ya Kichuguu

Jana jioni, pale kona ya kwetu Bel-Air, mama mmoja muuza mboga alichovya fungu la lengalenga kwenye ndoo, akalikung'uta, na matone yakanirukia miguuni. Harufu ikapanda. Ninyi wa rika langu mliokulia Lubumbashi mnaijua: mboga mbichi, udongo mweusi wa mtoni, na kwa mbali moshi wa nyasi kavu, maana kiangazi chote mji wetu hunuka moshi. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Yule mama akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka kambo yangu. Akaniongezea fungu dogo juu ya lile nililochukua, akasema, "Hii ni ya kambo." Nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima, na kwa kuwa wa nyumbani wameshachoka na hadithi hii, nawasimulia ninyi.

Kambo ndilo jina tunalomwitia bibi. Wangu aliitwa Ngoie, na mimi nikapewa jina lake, ndiyo maana hakuniita mjukuu hata siku moja, aliniita "majina yangu", kwa sauti ya mtu anayeita mali yake. Alikuja mjini akiwa bibi arusi, kwa treni, kutoka Kabongo huko kaskazini, kuolewa na mfanyakazi wa reli. Nilipopata akili babu alikuwa ameshakufa, na Kambo alikuwa na vitu vitatu tu alivyovipigia kifua: rozari yake, Tantine Odile aliyekuwa kitinda mimba wake, na bustani yake kando ya mto Naviundu.

Bustani zilikuwa nyingi pale, zimepangana kuanzia mtoni mpaka kwenye kichuguu kikubwa, kile cha mchwa, kirefu kuliko nyumba. Kila mama alikuwa na matuta yake. Asubuhi walishuka na makopo ya kumwagilia, wakayazamisha mtoni, wakapanda nayo, maji yakichuruzika kwenye visigino, na maneno hayakukoma. Walisemana, walitaniana, walipeana habari za ndoa za watu hadi matembele yenyewe, nadhani, yalijua nani amegombana na nani. Wakati wa likizo mama yangu alikuwa sokoni tangu alfajiri, kwa hiyo mimi nilishinda na Kambo. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kuwazibia watu njia.

Siku moja akashuka mama mmoja wa viatu vyeupe. Nasema viatu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyoviona kwanza, vikitafuta pa kukanyaga kati ya matuta. Aliitwa Madame Solange, mtoto wa Golf, mtaa wa wenye pesa, aliyesomea Kinshasa na kubaki huko, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa kingi kama chai ya watoto ilivyo na sukari, ingawa 'njo' yetu, yaani 'ndiye', hakuisahau.

"Bamama," akasema, "niko nafanya documentaire ya bamama benye banalima. Ile mboga yote ya mu soko, njo nani anailima? Niko nataka bantu babaone."

"Batatuona wapi?" akauliza Kambo bila kuinuka.

"Mu télé. Na kila mama nitamupa disque yake, ya kuikala nayo."

Hapo Kambo akainuka. "Ile disque inaweza kupanda treni?"

"Inaweza kupanda ata avion, mama."

Kambo aliweka kopo chini. Huko Kabongo alikuwa na mdogo wake, Numbi, ambaye hakumwona tena tangu siku ile treni ilipomchukua. Walikuwa wasichana. Tangu hapo, mara vita, mara treni haipo, mara mtoto anazaliwa, mara mtu anakufa, na miaka haikumngoja mtu. Habari zilipita kwa midomo ya wasafiri, siku hizi kwa simu, lakini uso haupiti kwenye simu ile ya kitufe. Picha ya pekee aliyokuwa nayo Kambo ilikuwa ya kadi ya uchaguzi, na aliichukia. Alisema inamwonyesha kama mwizi wa kuku aliyekamatwa. "Nitume mwizi Kabongo?" alizoea kusema.

Basi filamu ikawa yake. Madame Solange alimpenda papo hapo, akasema Mama Ngoie ndiye atakayekuwa mhusika mkuu wa filamu, wengine watamzunguka. Ninawaambia, wiki ile hakuna aliyelala vizuri. Watu walisuka nywele. Mama Kalenga, mwenye matuta ya jirani, alinunua kilemba kipya, akapanda vitunguu akiwa nacho kichwani. Na Kambo kila asubuhi alipaka uso mafuta hadi ukang'aa, akaniuliza mimi, mtoto wa darasa la kwanza, kama Numbi atamjua.

"Atakujua," nikamwambia. Nilikuwa sijui chochote, lakini nilikuwa na uhakika mwingi.

Siku ya kupiga picha ikafika. Tulimngoja mpiga kamera. Madame alisema amempata kijana mmoja wa hapa hapa Bel-Air, hodari, anayepiga video za arusi. Mara nikamwona anashuka na njia, ana mguu wa kamera begani, anapiga mluzi. Nikapiga kelele za furaha, maana nilimfahamu.

"Tonton Leon! Tonton Leon! Kuya huku, Kambo ni ule!"

Tonton Leon alikuwa mume wa Tantine Odile. Walioana mwanzo wa kiangazi. Nilitegemea atanikimbilia aninyanyue kama siku zote. Badala yake mluzi ulikatika, akageuka, akaruka mfereji, na akatoweka nyuma ya kichuguu, kamera na mguu wake na vyote. Nikamgeukia Kambo. Kambo naye alikuwa amechuchumaa, amechukua beseni la plastiki la kubebea mboga na kujifunika nalo kichwa kizima.

Wamama wakaanguka kwa kicheko. Madame Solange alisimama katikati, akiangalia kichuguu, akiangalia beseni.

"Ni buko yake!" Mama Kalenga akamwambia huku anajifuta machozi. "Ule njo alioa mutoto yake!"

Kama hujakulia kwetu nitakueleza upesi. Mkwe, yaani buko, na mama mkwe wake hawaonani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawapishani njiani, hawaangaliani usoni. Posa ya Tantine ilipelekwa na wajomba wa Leon, ikapokewa na wajomba zetu. Siku ya arusi kanisani Kambo alikaa nyuma ya nguzo, na mimi niliyekaa naye sikuona arusi, niliona nguzo. Madame alikuwa amemwambia Leon kwamba watapiga picha za wamama wa Naviundu, na Leon alijua kwamba mama mkwe wake analima, lakini wamama wanaolima Naviundu ni wengi kuliko vyura. Hakuuliza. Bwana arusi mpya haulizi mengi.

Mimi nilimuuliza Mama Kalenga kwa nini Tonton amekimbia. Akaniinamia, akanikazia macho: "Akimuangaliya, macho yake itapasuka. Pa! Kama nyanya." Wamama wakacheka tena, na mimi nilidhani wanacheka kwa kuwa wana bahati, macho yao hayamo hatarini. Nililiamini neno lile kama Baba Yetu. Tangu saa ile, kila Tonton alipogeuza shingo, moyo wangu uliruka.

Basi hivyo ndivyo filamu ilivyoanza. Leon nyuma ya kichuguu, Kambo na beseni lake, na mimi katikati nikibeba maneno.

"Ambia mama," Leon akasema, "nisamehewe. Sikujua kama ni shamba yake."

Kambo alikuwa hatua chache tu kutoka pale na masikio yake yalikuwa mazima. Lakini alingoja mpaka nimefika na kuyasema yote upya, ndipo akajibu: "Ambia buko, hakuna maneno. Afanye kazi yake."

Nikakimbia kurudi. Nilijiona waziri.

Na Leon akajaribu kufanya kazi yake. Akampiga picha Kambo mgongo. Akampiga visigino vikipanda kutoka mtoni. Akapiga mikono yake ikichambua lengalenga, kivuli chake juu ya matuta, kilemba chake kikitokeza juu ya mahindi machanga. Kila Kambo alipotaka kugeuka alikohoa kwanza, na Leon akageukia upande wa pili kama askari aliyeamriwa. Wakapatana hivyo bila kusemezana, kikohozi na kugeuka, kikohozi na kugeuka, mpaka ikaonekana kama ngoma.

Madame hakufurahi. "Leon, niko nataka sura! Visage! Huyu mama ana historia, na weye unanipatia visigino?"

"Madame, sura yake siwezi. Ni buko."

Wakasimamisha kamera juu ya mguu wake, ikielekea mahali Kambo alipoagizwa asimame, Leon akaenda kukaa mbali na kuipa mgongo. Kambo akaanza kusema vizuri sana, habari za mbegu, habari za kiangazi. Lakini Kambo hajapata kusema akiwa amesimama mahali pamoja. Tulipoangalia baadaye, palikuwa na matembele yakitikiswa na upepo, na sauti ya Kambo ikitoka hewani kama ya malaika. Madame akaishika kamera mwenyewe. Alijua kuuliza maswali, hilo namsifu, lakini picha yake ilitetemeka kama imepanda lori la Kasenga kwenye njia ya mashimo. Wakatafuta mpiga kamera mwingine. Nani angepatikana kiangazi? Kiangazi ni cha arusi, wote walikuwa na arusi.

Ndipo Mama Kalenga akaja siku iliyofuata na kilemba chake kipya na midomo miekundu. Alikuwa akiinama kwenye tuta lake namna ambayo hakuna mtu anainama, uso juu, tabasamu wazi, jembe halijui linakokwenda. Leon hakuwa mkwe wake. Kamera ikampenda.

Madame alimfuata Kambo mtoni, na alimwambia kwa huruma, hakuwa mtu mbaya. "Mama Ngoie, mbele juma iishe, mbele ya samedi, nitamaliza. Nikikosa sura yako, nitaweka Mama Kalenga njo awe wa kwanza. Weye utabakia, mais lakini ni mikono tu. Nisamehe."

"Mikono," Kambo akasema. "Ni nani mu Kabongo anajua mikono yangu?"

Akajaza kopo lake akapanda. Siku ile hakutania mtu.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado juu, yeye mbele, beseni kichwani, mimi nyuma nikikanyaga kivuli chake. Nilikuwa na hasira na Tonton kwa mara ya kwanza. Nikauliza, "Kambo, unamuchukia Tonton Leon?"

Akasimama. "Nani anakuambia? Ule mutoto wa bantu, sijaona ata pua yake, namuchukia namna gani?"

"Sasa juu ya nini hamuangaliane?"

"Juu alitoa binti yangu mu nyumba yangu. Tukianza kuzoeana mbiyo, tutagombana mbiyo. Na tukigombana, Odile atakuwa ya nani? Unaacha muntu akuogope kidogo, na weye unamuogopa kidogo. Kisha inaisha."

"Inaisha siku gani?"

"Siku buko analima shamba ya mama mukwe, na mama mukwe anamupikia kuku. Ni ile tu." Akaanza tena kutembea, na nikamsikia akicheka puani. "Mais buko ya Lubumbashi inalima na nini? Na ile kitufe ya kamera?"

Mimi sikuelewa vizuri. Nilielewa kuku.

Kesho yake asubuhi bustani ilikuwa kimya. Madame alikuwa anamtayarisha Mama Kalenga, Leon anafuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati. Kambo alikuwa amewapa mgongo wote. Akaniita, na hakunong'ona hata kidogo, alisema kwa sauti ya kutosha kufika ng'ambo ya mto.

"Majina yangu. Ambia buko, kile kipande ya udongo karibu na kichuguu, haiyalimwa."

Makopo yalisimama hewani. Mama Kalenga mwenyewe alifunga mdomo wake mwekundu. Nikakimbia kwa Leon nikasema, "Tonton, Kambo anasema kile kipande ya udongo karibu na kichuguu haiyalimwa."

Alikuwa kijana wa mjini, mjue. Baba yake alifanya kazi ya mgodi, yeye alizaliwa na sementi chini ya miguu. Mkono wake ulikuwa laini kuliko wa Madame. Aliangalia kipande kile, kigumu kama tofali baada ya miezi bila mvua. Akaangalia kamera. Kisha akaivua kamera shingoni, akampa Madame, akavua na viatu, akakunja suruali.

"Ambia mama," akasema, "anitumie jembe."

Vigelegele vilivyotoka pale vilifukuza ndege wote wa Naviundu. Jembe likapita mkono kwa mkono kutoka kwa Kambo, bila yeye kugeuka, mpaka likanifikia mimi, nami nikalikabidhi kwa mikono miwili.

Pigo la kwanza liliruka. La pili lilimrudia. Wamama walikuja wote kusimama kando, na walikuwa na furaha kama watu waliopelekewa sarakasi nyumbani. "Buko, unalima ao unaua nyoka?" "Buko, jembe inakamatwa huku, ile ni chuma!" "Angaliya tuta yake, inapinda kama njia ya walevi!" Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kulimia, wengine wakaudaka, na jasho likamtiririka Leon mpaka shati likawa ngozi ya pili. Madame Solange alikuwa anapiga picha akicheka, na ile picha yote inatikisika, lakini hata leo ndiyo sehemu ya filamu ninayoipenda kuliko zote.

Kambo alikuwa amekaa kwenye kopo lililopinduliwa, mgongo kwa mkwe, uso kwa mto. "Iko naenda?" aliniuliza kila mara.

"Iko naenda, Kambo."

"Imenyooka?"

Nikaangalia. "Hapana."

"Hakuna neno. Alime tu." Na alikuwa anatabasamu hadi kwenye masikio, yeye na mto wake.

Jua lilipofika utosini, malengelenge ya Leon yalikuwa yamepasuka na matuta yalikuwa yamesimama, yamepinda, lakini matuta. Tantine Odile alikuja mbio kutoka nyumbani, habari ilikuwa imemfikia, akamwona mumewe yuko hivyo akacheka na kulia kwa pamoja. Kambo alikuwa ameshamtuma mtu kumchinja jogoo. Jogoo yule alikuwa rafiki yangu, lakini siku ile sikumlilia. Nilikuwa na shughuli ya kuogopa. Kwa sababu nilisikia wamama wanasema, "Leo bataangaliana," na mimi nilijua nini hutokea kwa macho ya buko.

Chakula kilipikwa pale pale bustanini, bukari nyeupe, yaani ugali wetu, jogoo na mchuzi mwekundu, lengalenga la Kambo. Leon akalishwa peke yake kwanza, nyuma ya kichuguu, kama ilivyo sheria. Alipomaliza, Kambo akachukua kopo la maji ya kunawa, akatembea mwenyewe kuelekea kule. Wote tukamfuata, taratibu, kama watu wanaokwenda komunyo.

Hapo Madame akakumbuka kazi yake. "Leon! Kamera!"

"Madame," Leon akasema akiwa ameinamisha kichwa, macho kwenye vidole vyake vya miguu, "nikimuangaliya mu kamera, itakuwa haiko kumuangaliya. Na nikimuangaliya bila kamera, filamu yako itapotea."

Wamama wakaanza kubishana. Mmoja anasema kamera ni kama dirisha, haihesabiwi. Mwingine anasema basi mwaka ujao alime tena. Kambo akakata maneno.

"Buko hana macho mbili? Jicho moja iangaliye kamera. Ingine iniangaliye miye."

Basi akamiminiwa maji mikononi, akajifuta, akapokea kamera. Mikono ilikuwa inamwasha, niliona alivyoishika kwa ncha za vidole. Akaiinua polepole hadi jichoni. Kambo akarekebisha kilemba.

Na mimi nikafumba macho. Nikayafumba na kuyafunika kwa viganja vyote viwili, nikabana, nikangoja ule mlio. Pa. Sikutaka kumwona Tonton wangu akipofuka. Nilimpenda mno.

Nikasikia maji ya mto. Nikasikia mtu anavuta kamasi, nafikiri Tantine. Kisha sauti ya Kambo, laini, sauti ambayo hakuniitia mimi wala hakumwitia mtu mwingine yeyote niliyemjua:

"Kumbe njo weye. Weh! Kumbe niliozesha binti yangu kwa mutoto mwenzake."

"Jambo, mama," Leon akasema.

Vigelegele. Nilipofumbua, Tonton alikuwa na macho yake mawili, mazima, yamejaa machozi tu. Nilimrukia shingoni nikayagusa kwa vidole kuhakikisha. Watu hawakuelewa, na sikumweleza mtu.

Filamu ikaisha, Madame akarudi Kinshasa, na mvua za kwanza zilipoanza diski zikafika, kila mama yake, kama alivyoahidi. Ya Kambo haikukaa hata juma, na juma lile umeme haukuwepo, hatukuiangalia. Alimpa sista mmoja aliyekuwa anapanda treni ya kaskazini, imefungwa ndani ya kitenge, na kitenge ndani ya mfuko wa unga. Tukangoja. Kambo alijifanya hangoji. Alinituma kwa Tantine Odile kila siku kuuliza kama simu yake ina chaji.

Simu ikalia Jumapili moja, sote tukiwa kwa Tantine baada ya misa. Tonton Leon alikuwa amekaa mkabala na Kambo, maana sasa walikuwa wanaonana na hata kugombana kidogo juu ya chumvi. Akaiwasha sauti ili wote tusikie. Kwanza kelele za watu, kisha mtu anasema ngoja, ngoja, mzee anakuja. Kisha sauti ya mama mzee, karibu sana, kama ameuweka mdomo wote ndani ya simu.

"Ngoie?"

"Numbi."

Walilia kwanza. Sisi tuliangalia sakafu. Kisha Kambo akajifuta, akauliza lile aliloliuliza kiangazi chote. "Disque mulionesha? Uliniona?"

"Balionesha mu salle ya mission. Bantu balijaa." Sauti ikasita. "Ngoie, nisikupe bongo, nisikudanganye. Sikukujua."

Niliona mkono wa Kambo ukienda shavuni, pale alipokuwa akijipaka mafuta. Nilijisikia vibaya, nikakumbuka nilivyomhakikishia.

"Uliangaliya kamera," sauti ikaendelea, "ukatabasamu. Na miye nilisimama mbele ya bantu yote, nikapiga magoti, nikaita: Mama! Niliita mama, Ngoie. Juu ni mama. Ni sura ya mama mwenyewe, na meno yake, na ile namna yake ya kuinamisha kichwa. Bantu bakacheka, bakasema muzee anapoteza akili. Njo nikakumbuka mama alikufa. Njo nikajua ni weye."

Mama yao alikufa Kambo akiwa ameshaondoka. Hakumzika. Picha yake haikuwepo, wakati ule na kule, nani angempiga? Kambo alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba sura ya mama yake imemtoka kichwani, kwamba anakumbuka sauti na harufu, lakini mahali pa uso pamebaki patupu. Alikata simu bila kuaga, au labda laini ndiyo iliyokatika, sikumbuki.

"Leon," akasema. "Tia filamu."

Tonton alitia diski ya Mama Kalenga, aliyokuwa ameiazima, maana yetu ilikuwa Kabongo. Umeme ulikuwepo, namshukuru Mungu. Akaikimbiza mbele, visigino, mikono, kivuli, tuta lililopinda, mpaka pale. Akasimamisha picha. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaona lile nililolifumbia macho: uso wa Kambo anapomwona mwanawe mpya, kichwa kimeinama kidogo upande, tabasamu linaanza.

Kambo alisogea mpaka karibu na televisheni. Aliangalia muda mrefu. Nilidhani anajiangalia yeye. Kisha akakaza kitenge kiunoni, akapiga magoti juu ya sementi ya Tantine Odile, akainamisha kichwa na kupiga makofi, polepole, namna wanavyosalimia wazazi kule kwao kaskazini, na akasema kwa Kiluba maneno ambayo sikuyajua, isipokuwa lile la mwisho, mama.

Akanitafuta kwa mkono bila kugeuka, kama alivyozoea mtoni.

"Majina yangu," akasema, "kuya musalimiane."

Nikaenda, nikapiga magoti kando yake.